Sahani Zilizokuwa Safi Mno

Ukiisikia kazi ya Mama Sahani kwa mara ya kwanza, utadhani ni ya mtu mwenye roho mbaya. Analetewa losheni nzuri, laini, inanukia, imetoka kwenye mtambo asubuhi hiyohiyo. Anaipokea kwa mikono miwili, anamshukuru aliyeileta, halafu anaimwagia vijidudu. Si kimoja wala viwili: milioni kwa kila gramu. Anakoroga taratibu, anafunga kifuniko, anaandika tarehe, anaiweka kabatini. Baada ya hapo ni kusubiri siku ishirini na nane aone nani kamshinda mwenzake.

Kuna sababu, msije mkamwita mchawi. Losheni ni maji na mafuta, na penye maji na mafuta vijidudu hujiona vimefika nyumbani. Mtu naye anafungua kopo bafuni, anachovya kidole kilichotoka kushika kila kitu, anafunga, kesho anarudia. Ndiyo maana kiwanda kinatia kihifadhi, yaani dawa ya kuua vitakavyoingia. Kihifadhi kikiwa kidogo, losheni inageuka shamba la vijidudu, na mtu anajipaka ugonjwa akidhani anajipaka urembo. Kikizidi, ngozi inawasha, inatoka vipele, inamenyeka. Katikati ya kidogo na kingi pana njia nyembamba, na kwa miaka ishirini na miwili Mama Sahani kazi yake ilikuwa kuitafuta njia hiyo, chupa baada ya chupa.

Jina lenyewe alipewa na wapakiaji wa stoo, kwa kuwa kila wakimwona ameshika sahani. Si za chakula. Ni visahani vya duara vyenye rojo iliyoganda, ambamo anapaka tone la losheni aone kitaota nini. Kijidudu kilicho hai kikitua pale, kesho yake kimekuwa doa, kina watoto na wajukuu wanaoonekana kwa macho. Unahesabu madoa, unajua vilivyokuwa hai ni vingapi.

Nyumbani kazi hiyo ilimletea taabu zake. Mama mkwe, aliyehamia kwao baada ya kufiwa na mumewe, alikaa wiki nzima hagusi chakula cha mkwewe. Kila jioni alimsimamisha mlangoni.

"Mikono."

"Nimenawa, mama. Mara tatu."

"Ilete niinuse." Akainusa, akakunja uso. "Inanuka spiriti."

"Si ndiyo usafi wenyewe, mama."

"Mtu msafi hanuki kitu. Anayenuka spiriti kuna analolificha."

Mumewe, ambaye ni fundi wa friji na hana anachokiheshimu isipokuwa mashine, alicheka mpaka akapaliwa. Siku ya nane njaa ilimshinda mama mkwe, akala, akaamka mzima, na mjadala ukafa kimyakimya. Hakuomba radhi, na wala hakuna aliyemtarajia aombe.

Maabara, Mama Sahani aliingilia mlango wa nyuma. Alikuja akiwa msichana aliyefeli mtihani wa mwisho wa sekondari, akapewa chumba cha kuoshea vyombo. Enzi hizo sahani zilikuwa za kioo: zikishasomwa, zinachemshwa, zinasuguliwa, zinarudi kazini. Yeye alikuwa haziingizi kwenye sufuria kabla ya kuzitazama. Alipenda yale madoa, mengine ya manjano, mengine meupe ya kung'aa, mengine yenye manyoya. Kwanza alitazama tu. Baadaye akaanza kuyahesabu, na namba akaziandika nyuma ya kalenda iliyoning'inia juu ya sinki, bila sababu yoyote ya maana, kama wengine wanavyohesabu ngazi wanapopanda ghorofani.

Siku moja mkuu wa maabara wa wakati ule, mzee mfupi aliyeitwa Darubini, aliingia kuangalia tarehe. Kalenda ikamponyoka ikaanguka kifudifudi, akaziona namba. Akaenda kuzilinganisha na daftari la msaidizi wake. Msaidizi ameandika arobaini. Kalenda inasema mia mbili na kumi na mbili. Msaidizi ameandika thelathini na tano. Kalenda inasema mia na themanini. Ikaja kujulikana kwamba bwana yule kwa miezi kadhaa alikuwa hahesabu kitu, anatunga tu namba zinazopendeza. Alihamishiwa stoo akahesabu makatoni, na mwosha vyombo akapewa koti jeupe lililomfika kwenye vifundo vya miguu.

Cheti chake cha ufundi wa maabara alikipata alipojaribu mara ya tatu. Mara mbili kemia ilimwangusha, na mara zote mbili alilia siku moja, kesho yake akarudi kununua daftari jipya. Hakuwahi kuwa na digrii. Lakini walikuja wenye digrii zao wakaondoka, na yeye akawa yupo palepale, na kila mgeni aliambiwa siku ya kwanza: ukiwa na shaka, muulize Mama Sahani.

Mwaka tunaouzungumzia, kiti cha mkuu wa maabara kilikuwa wazi. Aliyekikalia alistaafu, na Mkurugenzi, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, hakuwa na haraka ya kukijaza. Wakati huohuo kiwanda kilikuwa kinatengeneza losheni mpya ya watoto wachanga. Wodi za wazazi za hospitali tatu zilikwisha kukubali kuipokea: kila mtoto anayezaliwa aondoke na chupa ndogo. Mkurugenzi alimwita Mama Sahani ofisini akamwambia neno moja tu.

"Losheni hii ikipita, kiti ni chako."

Alitoka mle ndani miguu haigusi sakafu. Tuseme ukweli, alikitaka. Aliosha vyombo vya watu, akawasomea sahani zao, akawasahihishia ripoti wakaziweka saini zao. Sasa alitaka yake. Hakuona aibu kukitaka, na mimi sioni kwa nini aone.

Losheni ile ilibuniwa na kijana mmoja ambaye kila mtu alimwita Daktari, si kwa kutibu, bali kwa kusoma hadi mwisho wa njia. Alikuwa na kichwa chepesi na mdomo mwepesi zaidi, lakini si mtu mbaya. Kihifadhi cha zamani alikitupa kando, akaleta cha ukoo mwingine, kipole, kinachotumika kidogo sana. Hesabu ya usalama Mama Sahani aliifanya mwenyewe: uzito wa mtoto mchanga, losheni atakayopakwa kwa siku, kiasi cha dawa kitakachopenya ngozi laini kama ile, halafu akalinganisha na kiasi kilichothibitika kutodhuru. Sheria inataka nafasi ya mara mia moja kati ya hivyo viwili. Yeye alipata mara mia na themanini. Safi kabisa. Yakabaki mapambano ya siku ishirini na nane.

Alitia vijidudu kwa mkono wake: aina nne za bakteria, na kuvu. Siku ya pili akachota kidogo kutoka kila chupa ili apake kwenye sahani. Hapa pana jambo ambalo lazima lieleweke. Losheni ukiipaka sahani hivihivi, kihifadhi kilichomo hakijui kwamba kazi yake imekwisha. Kinaendelea kubana vijidudu juu ya rojo. Vilivyokuwa hai ndani ya chupa vinashindwa kuota, wewe unaona sahani safi, unadhani vimekufa. Kwa hiyo losheni huchanganywa kwanza na kimiminika ambacho maabara wanakiita kizima, kwa kuwa kinaizima ile dawa ili kilicho hai kijioneshe. Mama Sahani alinyoosha mkono kwenye rafu bila hata kutazama, akashika chupa ileile ya kizima aliyoishika kwa miaka ishirini na miwili.

Sahani za siku ya pili zilitoka safi. Zote. Za siku ya saba, safi. Za siku ya kumi na nne, safi hata ungeweza kulia chakula. Daktari alitembea korido nzima akipeana mikono na watu, wakiwemo wawili waliokuja kurekebisha bomba.

Mama Sahani alifurahi pia. Ila kuna kitu kilimtekenya. Kuvu ni kiumbe mkaidi. Bakteria hufa siku mbili tatu, lakini kuvu huaga taratibu, leo wengi, wiki ijayo wachache, huku anakutazama. Hawa wa safari hii walitoweka siku ya pili kama wapangaji waliosikia mwenye nyumba anakuja. Alijiambia, dawa mpya ni kali kwao. Alijiambia hivyo upesi, na akaendelea na kazi.

Jumanne ya wiki ya mwisho walikuwa mezani kwa chakula cha jioni. Kesho yake angesoma sahani za siku ya ishirini na nane, na Ijumaa mkaguzi wa serikali alikuwa anakuja kupokea faili. Mumewe alikuwa anasimulia friji, maana akishaanza kula lazima asimulie friji.

"Mwenye duka ananiambia, fundi, maziwa yanaharibika lakini kipimajoto kinasema nyuzi nne. Nikafungua mlango nikauacha wazi nusu saa. Nne. Nikakichomoa nikakianika juani. Nne. Nikakitia kwenye chai yangu. Nne."

"Ukamwambiaje?" aliuliza mama mkwe.

"Nikamwambia friji yako mbovu, ila kipimo chako kibovu zaidi, kwa sababu ndicho kilichokuficha."

"Kwani hakuna aliyewahi kukipima?"

"Nani apime kipimo, mama? Watu wanakisoma tu."

Mama Sahani alikuwa amenyanyua kijiko. Alikirudisha kwenye sahani polepole. Ukoo wa kihifadhi umebadilika. Kizima hakikubadilika. Na kizima huzima dawa ya ukoo wake tu. Hakizimi kila kitu.

"Mke wangu, chumvi imezidi?" mumewe aliuliza.

"Hapana. Endelea na friji."

Jumatano alifika kazini wa kwanza. Alisoma sahani za mwisho: safi, kama alivyotarajia, na safari hii usafi ule ulimkera. Kisha akaandaa mirija miwili ya kioo. Katika kila mmoja alitia vijidudu hai mia moja hivi, vichache vya kuhesabika. Wa kwanza una kizima peke yake. Wa pili una kizima na losheni ya Daktari. Kama kizima kinafanya kazi, mirija yote miwili itatoa madoa sawasawa. Akapaka, akafunga kabati la joto, akaomba awe amekosea kuwaza.

Alhamisi asubuhi sahani ya kwanza ilikuwa na madoa tisini na saba. Ya pili haikuwa na hata moja.

Alivuta kiti akakaa. Maabara ilikuwa tupu, friji ya sampuli inanguruma konani. Maana yake aliijua bila kuambiwa: sahani zote za siku zile ishirini na nane zilikuwa hazisemi kitu. Vijidudu vya ndani ya chupa huenda vimekufa, huenda vinafanya harusi, hakuna ajuaye. Na mkono uliofanya jaribio ni wake, na kizima alikichagua yeye, na kupima kipimo kabla ya kuanza ilikuwa kazi yake, akaisahau kwa mazoea. Sahani mbili zilikuwa mbele yake. Pipa la takataka lilikuwa mguuni pake. Aliziangalia sahani, akaliangalia pipa, na sitawadanganya kwamba alifanya haraka. Alikaa pale dakika nyingi akikiona kile kiti, meza yake, na kibao cha mlangoni.

Halafu akafikiria wodi. Mtoto wa siku moja, kitovu bado kibichi, anapakwa. Akajikaza kisabuni, akachukua karatasi, akaandika kwa herufi kubwa, "Nilikosea," na chini yake akaeleza kosa hatua kwa hatua, tarehe kwa tarehe. Akaipiga muhuri wa maabara, akaiingiza kwenye faili, ukurasa wa tisa.

Daktari aliposikia alibadilika rangi.

"Mama, unajua unachokisema? Chupa elfu sita zimeshapakiwa. Mkaguzi anakuja kesho."

"Najua."

"Labda sahani zako za leo ndizo zenye kasoro."

"Inawezekana. Basi paka wewe, kwa mkono wako, mimi nisiguse chochote."

Akapaka. Ijumaa asubuhi walifungua kabati pamoja. Mia na tatu upande mmoja. Upande wa pili, sifuri. Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Sifuri ilikuwa palepale.

Waliingia kwa Mkurugenzi pamoja. Alisoma ukurasa wa tisa mara mbili.

"Nani alifanya jaribio?"

"Mimi, mama."

"Kizima nani alikichagua?"

"Mimi."

"Miaka ishirini na miwili," Mkurugenzi alisema, si kwa ukali, na hilo ndilo lililochoma. Akanyanyua simu, akaahirisha mkaguzi, akazipigia hospitali tatu moja moja, akaamuru chupa elfu sita zifungiwe stoo. Alipomaliza akasema, "Ile nafasi tuiweke pembeni kwanza."

"Sawa, mama."

Alifika korido akasimama akitazama ukuta. Iliuma, na iliuma hasa kwa kuwa ilikuwa haki. Alinawa uso, akarudi maabara kutafuta kizima kipya.

Alijaribu michanganyiko mitano. Wa kwanza haukuzima kitu. Wa pili uliua vijidudu wenyewe, yaani zimamoto imechoma nyumba. Wa tatu nusu nusu. Wa nne ulimpa madoa tisini na manne kati ya mia, na wa tano hakuwa na haja nao ila aliumaliza, maana hapendi kuacha safu tupu kwenye daftari. Akaanza mapambano upya, chupa mpya, vijidudu vipya, na safari hii kila siku ya kusoma aliweka pembeni sahani ya kupima kipimo.

Siku ya saba Daktari alikuwa amesimama nyuma yake. Sahani tatu za bakteria zilikuwa na madoa machache. Ya nne ilikuwa imejaa ukingo hadi ukingo, utelezi wa kijani. Ilikuwa ya kile kijidudu kinachopenda masinki na mabomba, ambacho kwa mtu mzima mwenye afya si kitu, lakini kwa mtoto mchanga ni balaa.

"Hii ingekwenda wodini," Daktari alisema. Akakaa juu ya stuli, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe hakuwa na la kuongeza.

Alilipata kesho yake. "Tuongeze kihifadhi mara tatu."

Mama Sahani hakubisha. Alimsogezea kikokotoo na hesabu ya usalama. "Piga."

Akapiga. Ile nafasi ya mara mia na themanini ikashuka hadi sitini.

"Tutaua vijidudu," alisema Mama Sahani, "halafu ngozi ya mtoto ndiyo itakayolipa. Siweki mkono wangu hapo."

"Basi losheni imekufa."

"Sijasema hivyo. Nimesema tusiongeze dawa."

Wiki mbili walizunguka palepale, na aliyepata njia alikuwa Daktari, lakini sikilizeni alivyoipata. Aliomba madaftari ya zamani ya Mama Sahani, yote, akayabeba kwa kigari cha stoo. Kijana yule alikuwa na mengi ya kujifunza, lakini uvivu hakuwa nao. Mchana mmoja akaja mbio, daftari kifuani, kidole kati ya kurasa.

"Mama, hii safu ya pembeni ni nini? Kila jaribio umeandika kiwango cha uchachu. Fomu haina sehemu hiyo."

"Nilikuwa napima tu. Kipimo kilikuwepo."

"Nani alikuagiza?"

"Hakuna."

Daktari aliweka daftari mezani. Miaka kumi na moja nyuma, shampuu mbili zilijaribiwa kwa kihifadhi cha ukoo huuhuu wa sasa, halafu wazo likaachwa. Hazikupakwa sahani, zilitazamwa kwa macho tu kabatini: moja ilishinda, moja ikaota kuvu ikashindwa, na kiasi cha dawa kilikuwa kilekile. Safu ya pembeni ndiyo iliyosema tofauti: iliyoshinda ilikuwa chachu kidogo, kama ngozi yenyewe ilivyo. Iliyoshindwa haikuwa chachu. Na losheni ya watoto, kwa kutaka iwe pole, Daktari aliitengeneza isiwe na uchachu hata chembe. Dawa ilikuwamo, ila ilikuwa imesinzia: iliweza kubana vijidudu vichache vya sahani, si kuua milioni za ndani ya chupa.

"Tukiipa uchachu wa ngozi tu," alisema, "dawa ileile, kiasi kilekile."

"Mia na themanini inabaki mia na themanini," alisema Mama Sahani.

Walitazamana, wakacheka kama watu waliookota kitu barabarani.

Losheni mpya ikaja. Akaimwagia milioni zake. Siku ya pili alifungua kabati la joto, na wote waliokuwepo wanasimulia mpaka leo kwamba alipiga vigelegele kwa kuona uchafu. Sahani za bakteria zilikuwa na madoa machache. Ya kuvu ilikuwa imejaa manyoya, kuvu hai, wakaidi, wa kawaida, wanaokufa kwa mwendo wao. Sahani ya kupima kipimo ilisoma tisini na tano. Sahani zilikuwa zinasema ukweli.

Siku ya saba bakteria wa aina zote nne walikuwa sifuri, pamoja na yule wa kijani. Siku ya kumi na nne kuvu walibaki sita. Siku ya ishirini na nane hakubaki hata mmoja, na kipimo kikasoma tisini na sita. Watu thelathini walibandikwa losheni ileile mgongoni chini ya plasta, na ngozi za wote thelathini zikatoka zilivyoingia. Nyumbani mumewe alitaka kujua kama friji yake itatajwa kwenye ripoti. Aliambiwa haitatajwa, akasusa chai, kisha akainywa.

Siku ya mkaguzi walikaa watu wanne chumbani: Mkurugenzi, Daktari, Mama Sahani mwisho wa meza, na mkaguzi mwenyewe, mwanamume mwembamba anayesoma kila ukurasa, hata ule mtupu. Alifika ukurasa wa tisa. Akasimama hapo.

"Nani ameandika hii?"

Daktari alifungua mdomo. "Ni sisi wote kwa pamoja, mheshimiwa, mimi ndiye niliyebadilisha—"

"Nimeandika mimi," Mama Sahani alisema, akasimama. "Kosa lilikuwa langu. Kurasa zinazofuata zinaonesha lilivyorekebishwa."

Mkaguzi alizisoma kurasa zinazofuata. Alisoma ile sifuri, ile tisini na saba, ule utelezi wa kijani, ile hesabu ya sitini, safu ya uchachu ya miaka kumi na moja nyuma, na vipimo vya kupima kipimo vya siku zote. Ilichukua karibu saa nzima. Kisha akafunga faili.

"Nasoma mafaili mwaka mzima," alisema. "Karibu yote hayajawahi kukosea hata mara moja. Nikirudi nyumbani ndiyo hayo yananinyima usingizi." Akafungua mkoba, akatoa muhuri, akaugonga. "Hili nitalilalia vizuri. Watoto wapakwe."

Mama Sahani alikuwa bado amesimama. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, wala hakuyaonea haya.

"Imebaki saini moja," mkaguzi alisema, akigeuza ukurasa wa mwisho. "Mkuu wa maabara. Yuko wapi?"

Daktari alimtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi hakumtazama mtu. Alichomoa kalamu yake mwenyewe mfukoni, akaifungua, akaipitisha juu ya meza hadi mwisho kabisa.

"Ni huyo aliyesimama," alisema.

Mama Sahani alikaa, akavuta karatasi, akaandika. Hakuweka kile kichoro cha haraka ambacho watu huweka. Aliandika jina lake lote, na la baba yake, na la babu yake, herufi kwa herufi, mpaka likavuka mstari likaingia kwenye kisanduku cha tarehe. Mkaguzi alisubiri amalize, kisha akaandika tarehe pembeni.